Mwendo wa Siku ya Majaribio

Kila nikigusia manowari katika safu hii, swali la kwanza linalonijia kutoka kwa wasomaji ni lile lile: chombo hicho kinakwenda mbio kiasi gani? Siwalaumu. Hata waliozijenga manowari hizo walilitanguliza swali hilo. Leo nataka kuonyesha jinsi lilivyoifanya dola kubwa ya Ulaya ipoteze zaidi ya miaka kumi ya kazi ya viwanda vyake. Mfano wangu ni destroya za Ufaransa za mwanzo wa karne ya ishirini, zile manowari ndogo nyembamba ambazo Wafaransa wenyewe waliziita contre-torpilleur, maana yake mpinzani wa boti za topido. Kuanzia oda ya kwanza ya mwaka 1896 hadi karibu 1909, Ufaransa ilijenga 55 kati yake, zote za umbo moja na uzito wa tani 300 hivi. Msimamo wangu ni kwamba vyombo hivyo havikuwa vibovu, na mafundi wake hawakuwa wazembe. Kilichokuwa kibovu ni kipimo. Vilipimwa kwa mwendo wa siku moja ya bahari shwari, na kipimo hicho kikaachwa kiamue kila kitu kwa muda mrefu baada ya bahari yenyewe kukikataa.

Tuanze na chanzo chake. Mwaka 1866, katika mji wa Fiume, Mwingereza Robert Whitehead alitengeneza topido ya kwanza iliyokwenda yenyewe chini ya maji. Kifaa hicho kiliwatia tamaa Wafaransa waliokuwa wamechoka kukimbizana na Uingereza kwa meli kubwa za bei ghali. Admirali Théophile Aube, aliyeshika wizara ya majini mwaka 1886 na 1887, aliongoza fikra iliyojulikana kama Jeune École, yaani shule ya vijana: boti nyingi ndogo zenye topido zitazizamisha meli chache kubwa za adui, na biashara ya Uingereza itanyongwa baharini. Waingereza walijibu mwaka 1893 kwa Havock, chombo kidogo chenye mbio na mizinga, kilichokusudiwa kuziwinda boti hizo kabla hazijafika. Ufaransa nayo ikahitaji chombo cha namna hiyo cha kusindikiza meli zake kubwa, na kazi ikapewa karakana ya Normand ya Le Havre. Chombo cha kwanza, Durandal, kilishushwa majini mwaka 1899. Miezi michache kabla ya hapo, Ufaransa na Uingereza zilikuwa zimekaribia kupigana kwa ajili ya Fashoda, kule kwenye mto Nile. Kwa hiyo adui aliyekuwa akilini mwa wachora ramani za Durandal alikuwa Mwingereza, na uwanja wa vita ulikuwa mlango mwembamba wa bahari kati ya nchi hizo mbili, safari ya saa chache kutoka bandarini.

Itazame Durandal kwa karibu. Urefu wake ulikuwa mita 57 na nusu, na upana mita 6 na kidogo. Jahazi la Lamu huwa na urefu wa mara tatu au nne ya upana wake, lakini Durandal ilikuwa na urefu wa mara tisa. Omo yake ilifunikwa kwa bati lililopinda kama mgongo wa kobe, ili mawimbi yaparamie na kuteremkia kando. Nyuma ya hapo mafundi waliweka sitaha nyepesi juu ya nguzo, iliyoinuka juu ya mwili wa chombo, ili maji yapite chini yake na mabaharia watembee juu bila kuzolewa. Hiyo ilikuwa akili nzuri ya mtu aliyejua kwamba chombo chake kitatembea nusu kikiwa majini. Silaha zake zilikuwa mzinga mmoja wa milimita 65, mizinga midogo sita ya milimita 47, na mirija miwili ya topido. Mitambo yake ya mvuke ilitoa nguvu za farasi 4,800, na mwendo uliokusudiwa ulikuwa maili 26 za baharini kwa saa.

Sasa tazama kilichofuata. Katika kundi la Arquebuse, lililokuwa na vyombo 20 vya ukubwa ule ule, mwendo ulitakiwa upande kutoka maili 26 hadi 28. Ili kupata maili hizo mbili, nguvu za mitambo zilipandishwa kutoka 4,800 hadi 6,300. Nguvu zimeongezeka kwa karibu theluthi moja, mwendo kwa sehemu moja tu ya kumi na tatu. Hii ndiyo hesabu ambayo kila mhandisi wa meli anaijua na kila mwanasiasa huisahau. Maji hayapasuki bure. Ukitaka kuongeza mwendo wa chombo mara mbili, kwa makadirio utahitaji nguvu mara nane hivi. Kila maili ya mwisho inagharimu kuliko zote zilizoitangulia, na gharama hiyo hulipwa kwa uzito. Boila inakuwa kubwa zaidi, na ili chombo kisizidi tani 300, bati la mwili linapunguzwa unene, akiba ya makaa inabanwa, na vyumba vya mabaharia vinafinywa.

Bei nyingine ililipwa na watu. Chini ya sitaha, mbele ya matanuri, watia makaa walifungiwa katika chumba kisichoruhusu hewa kutoka. Feni zilisukuma hewa ndani kwa nguvu ili moto uwake kupita kiasi chake cha kawaida. Mtu mwenye koleo hapo alisimama kwenye sakafu iliyoyumba, joto likimchoma uso, vumbi la makaa likimjaa kifuani, na mlango juu yake umefungwa. Bomba moja la boila likipasuka, mvuke hauna pa kwenda ila chumbani humo humo. Kuchochea moto kwa namna hiyo kunawezekana kwa saa chache za majaribio, na vijana waliochaguliwa. Kufanya hivyo siku baada ya siku, katika doria ya miezi, hakuwezekani. Ndiyo maana mwendo ulioandikwa kwenye jedwali na mwendo ambao nahodha aliweza kuutegemea vilikuwa vitu viwili tofauti.

Jambo hili nimeliona kwa macho yangu, katika chombo kidogo zaidi. Miaka ya nyuma niliitwa kushuhudia majaribio ya boti moja ya doria katika mwambao wetu. Asubuhi ilikuwa shwari, matangi ya mafuta yalikuwa robo, na ndani tulikuwa watu wanne. Boti iliruka kama panzi, na wote tukapiga makofi. Miezi miwili baadaye, kusi ikiwa imeshika, niliipanda tena ikiwa na mafuta kamili, mabaharia kumi na mizigo yao. Katika mkondo wa Mafia nahodha alipunguza mwendo hadi nusu, kisha chini ya nusu, kwa sababu kila wimbi liliipiga omo kwa kishindo kilichotufanya tushike chochote kilichokuwa karibu. Injini zilikuwa zile zile. Bahari ndiyo iliyokuwa imeamua mwendo.

Waingereza nao walilijua kosa la kuamini mwendo wa siku ya majaribio, tena kwa machungu. Mwezi Septemba 1901 destroya yao Cobra ilikatika na kuzama katika Bahari ya Kaskazini. Baada ya hapo walifanya uamuzi uliohitaji ujasiri: wakajenga kundi jipya, lililopewa majina ya mito, lenye mwili imara zaidi na omo iliyoinuliwa juu, wakakubali mwendo wa maili 25 na nusu tu, huku majaribio yakifanywa chombo kikiwa na mzigo. Kwenye karatasi vilikuwa vyombo vya mbio ndogo kuliko vilivyotangulia. Katika mawimbi vilivipita. Ufaransa ilikuwa na onyo la mapema zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Agosti 1900, karibu na rasi ya Mtakatifu Vincent huko Ureno, destroya Framée iliisogelea meli kubwa Brennus ili isome ishara zake za taa. Ikapitia mbele ya omo yake, ikagongwa na kupinduka, na mabaharia zaidi ya 40 wakafa. Ajali ile ilitokana na usukani kupelekwa kusiko, na sitaki kuibebesha ramani ya chombo mzigo wote. Lakini hapo ndipo ilipoonekana jinsi mwili mwembamba kiasi kile ulivyokosa akiba yoyote ya kuwapa watu wake hata robo saa ya kujiokoa. Hata hivyo karakana ziliendelea kutoa tani 300 zile zile: Arquebuse 20, kisha kundi la Claymore 13, kisha Branlebas 10, ambalo lilimalizika wakati Waingereza wameshaliacha umbo hilo kwa miaka mingi.

Kwa nini? Jibu halimo karakanani, limo wizarani. Waswahili husema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kuanzia Lanessan aliyeingia mwaka 1899 hadi Delcassé aliyeingia mwaka 1911, wizara ya majini ilipita mikononi mwa watu sita. Mmoja alitaka meli kubwa, mwenzake, Camille Pelletan, akazichelewesha na kupendelea vyombo vidogo, wa tatu akaja kufagia aliyoyakuta. Katika hali hiyo, kitu rahisi kuliko vyote ni kurudia oda iliyokwisha kupitishwa. Kubadili umbo kunahitaji mtu wa kulitetea kwa miaka minne au mitano, naye hakuwepo. Wakati huo huo swali lenyewe lilikuwa limebadilika. Mwaka 1904 Ufaransa na Uingereza zilipatana, na adui wa mlango ule mwembamba akawa rafiki. Kazi mpya ilikuwa kusindikiza misafara katika Mediterania, siku kwa siku, mbali na makaa. Chombo kilichokuwa jibu zuri mwaka 1896 kilibaki jibu, wakati swali lake limeshaondoka.

Hapa naomba nisahihishe mambo matatu yanayorudiwa kila mara. La kwanza ni kwamba Wafaransa hawakujua kujenga. Si kweli. Karakana ya Normand ilikuwa miongoni mwa bora duniani kwa vyombo vyepesi, boila zake za mabomba ya maji zilisifiwa, na ile sitaha ya juu ya nguzo inaonyesha watu waliofikiri kwa makini. Fundi akipewa masharti mabaya huyatimiza vizuri, kisha lawama humrudia yeye.

La pili linatokana na jina. Msomaji akisikia destroya anadhani ni mharibifu wa kila kitu, na lugha yetu haimsaidii, kwa kuwa sisi huita manowari kila chombo cha vita, kikubwa na kidogo. Destroya ya wakati ule haikukusudiwa kupambana ana kwa ana na kruza mchana kweupe. Ilikuwa mlinzi wa meli kubwa na mpiga topido wa usiku. Ukiihukumu kwa kazi isiyo yake utaionea. Ukiituma kwenye kazi hiyo utaipoteza, pamoja na watu wake.

La tatu ni fedha: kwamba Ufaransa ilikuwa na vyombo vidogo kwa sababu ya umaskini wa bajeti. Zidisha 55 kwa tani 300, upate tani 16,500. Hizo ni sawa na vyombo 20 vya tani 800. Najua bei ya meli haipimwi kwa uzito peke yake, na najua kwamba mwaka 1896 chombo cha tani 800 cha mwendo ule kisingewezekana. Lakini kufikia mwaka 1904 hoja ya fedha ilikuwa imekwisha. Chuma kilikuwepo, karakana zilikuwepo, mishahara ililipwa. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: hivi vinatosha, sasa tujenge vingine.

Mabadiliko yalipokuja yalikuja kwa kusitasita. Kwanza vyombo 13 vya tani 450, ambamo mitambo ya zamani na turbini mpya vilijaribiwa kwa pamoja, kisha kundi la Bouclier la tani 800, vyombo 12 vyenye mizinga miwili ya milimita 100, turbini, na mafuta badala ya makaa. Hatimaye chombo cha kweli cha bahari kuu. Lakini kila karakana iliachiwa ichague vipimo, boila na turbini zake, hivyo vyombo vya kundi moja havikufanana, na vipuri vya kimoja havikukifaa kingine. Hata hivyo, vita vilipoanza mwaka 1914, vyombo hivi na ndugu zao wa kundi la Bisson ndivyo vilivyobeba kazi nzito katika bahari ya Adriatiki. Bisson yenyewe iliizamisha nyambizi ya Austria-Hungaria, U-3, mwezi Agosti 1915. Hiyo ndiyo thamani ya tani 500 zilizoongezwa.

Na thamani ya kutoziongeza ilionekana Penang, huko Malaya. Alfajiri ya tarehe 28 Oktoba 1914 kruza ya Kijerumani Emden iliingia bandarini humo ikiwa na bomba la moshi la bandia ili ifanane na meli ya Kiingereza, ikaizamisha kruza ya Kirusi Zhemchug ikiwa imetia nanga. Ilipokuwa ikitoka ilikutana na Mousquet, destroya ya kundi la Arquebuse, ikirejea kutoka doria. Kwenye jedwali Mousquet ilikuwa na mbio kuishinda Emden kwa maili nne kwa saa. Kwenye maji ilikuwa na mzinga mmoja wa milimita 65 mbele ya chombo chenye mizinga kumi ya milimita 105. Nahodha wake, Théroinne, hakugeuka nyuma. Alifyatua alichokuwa nacho, topido pamoja na mizinga, na ndani ya dakika chache chombo kikazama naye. Wajerumani waliwaokoa watu 36. Ushujaa ule haukuhitaji maili 28 kwa saa. Ulihitaji mzinga wa pili, bati nene zaidi, na wizara iliyojua kwamba chombo kile kilikuwa kimepitwa kwa miaka kumi.

Sisi wa pwani tuna sababu ya kuielewa asubuhi hiyo. Wiki tano kabla, tarehe 20 Septemba 1914, kruza ya Kijerumani Königsberg ilitoka kwenye delta ya Rufiji, ikaikuta kruza ya Kiingereza Pegasus imetia nanga Unguja, mitambo yake ikitengenezwa, na kuizamisha. Makaburi ya baadhi ya mabaharia wake yapo Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe. Pegasus nayo ilikuwa na mwendo wake kwenye jedwali. Siku ile mwendo huo ulikuwa sifuri, kwa sababu mitambo iliyochoka lazima ifunguliwe, na adui haulizi ratiba ya mafundi.

Jambo linaloniuma zaidi lilitokea mwaka 1916. Karakana za Ufaransa zilikuwa zimegeuzwa kutengeneza mizinga na risasi za jeshi la nchi kavu, nyambizi zilikuwa zikizamisha meli katika Mediterania, na vyombo vya kusindikiza misafara havikutosha. Ufaransa ikaiomba Japani iijengee destroya 12. Zilikamilika mwaka 1917, kila moja kwa miezi michache tu, zikapewa majina ya watu wa makoloni: Arabe, Somali, Hova, Sakalave na mengine. Na Wajapani walijifunza wapi? Karakana ya Yokosuka iliasisiwa miaka ya 1860 chini ya mhandisi Mfaransa Léonce Verny, na bandari za kijeshi za Kure na Sasebo zilipangwa kwa msaada wa Mfaransa mwingine, Émile Bertin, aliyefanya kazi Japani kuanzia 1886 hadi 1890. Mwanafunzi alikuwa ameshika umbo moja zuri na kulijenga haraka. Mwalimu alikuwa bado anabishana na nafsi yake.

Dawa ya haya haikuzeeka, na inamhusu yeyote anayenunua au kujenga vyombo vya doria leo, katika mwambao wowote. Kwanza, mkataba useme wazi kwamba mwendo utapimwa chombo kikiwa na mafuta kamili, watu wote na silaha zote, tena katika msimu wa bahari chafu. Muuzaji anayekataa sharti hilo ameshajibu swali lako. Pili, kijengwe chombo kimoja, kifanye kazi mwaka mzima, mabaharia na mafundi waandike waliyoyaona, ndipo kundi liagizwe. Tatu, pawepo jopo la wataalamu ambalo haliondoki na waziri, lenye wajibu wa kuuliza kila baada ya miaka michache kama kazi iliyokusudiwa bado ipo. Nne, mitambo iwe ya aina moja, hata kama fundi wa kiwanda cha pili atanuna. Chombo kinachopata vipuri bandarini kwake kina mwendo kuliko kile kinachosubiri sanduku kutoka ng'ambo.

Dawa ya tano ni yetu sisi waandishi na wasomaji. Tuache kuyasoma majedwali ya manowari kama matokeo ya mashindano ya mbio. Ukikutana na tarakimu ya mwendo, uliza ilipimwa chombo kikiwa na mzigo gani, bahari ikiwa katika hali gani, na ni miezi mingapi kwa mwaka chombo hicho hukaa baharini badala ya gudini. Wasomaji wangu, niandikieni na mniulize hayo matatu kwanza. Lile swali la mbio mliweke la nne, nami nitalijibu kwa furaha.